Safari ya Jumamosi

Kavumbi alilia akimwita mama yake, na mama yake alikuwa pale pale, hatua tatu tu, amekaa kwenye kigoda anamtazama.

"Mwogeshe tu," Kabibi alimwambia jirani yake, Mama Kioko. "Atanyamaza."

Mama Kioko akaendelea kumwagia mtoto maji huku akinung'unika kwamba hajapata kuona mambo kama haya, mtoto wa miaka miwili kutupwa mikononi mwa watu na mamake yuko. Ilikuwa siku ya tatu Kabibi hamwogeshi bintiye, hamlishi, hambebi. Siku ya kwanza Kavumbi alilia mpaka sauti ikamkauka. Leo alilia kidogo, kisha akaanza kuchezea maji. Kabibi aliliona hilo, akainuka taratibu, akaingia ndani kuendelea kufunga mizigo.

Uvimbe ulianza kwenye titi la kushoto. Alipofika hospitali ya Malindi ulikuwa umeshashuka mapafuni, na daktari hakumficha. Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa themanini na saba. Kabibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akatoka nje akanunua machungwa ya watoto. Alingoja kilio kije. Hakikuja siku ile, wala wiki ile, wala baadaye.

Ndipo aliposema anataka kusafiri na watoto. Mtaa mzima wa Kibarani ukaelewa bila kuuliza. Kwao ni Magarini, wazee wake wako hai, na mgonjwa hupenda kumalizikia kwao. Watu wakaja kumuaga, mmoja na sukari, mwingine na leso, na wote wakaondoka wakifuta macho. Kabibi alipokea, akashukuru, akakunja leso akaitia mzigoni.

Alifunga nguo zote za watoto, hata sweta ambazo pwani hazivaliwi mwezi ule. Alifunga kadi zao za kliniki na dawa ya kifua ya Tsuma, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na miaka mitano. Jioni alimkalisha mbele yake akamuuliza.

"Dada yako hulalaje?"

"Ubavu. Na kitambaa chake cha kushika."

"Na wewe kifua kikikubana?"

"Naketi wima. Naomba maji ya moto."

"Unamwomba nani?"

"Wewe."

"Mtu mzima yeyote aliye karibu," Kabibi alimsahihisha, akamuuliza tena toka mwanzo, mpaka mtoto akaacha kukosea.

Mwambire, mumewe, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha korosho. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, na kwa mwaka mzima sasa alikuwa akichukua zamu ya Jumamosi na kurudi Jumapili adhuhuri, macho mekundu kwa usingizi. Wanawake wa mtaani walimsifu kwa kujitesa hivyo kwa ajili ya dawa za mkewe. Yeye alitaka wasafiri Jumatatu. Kabibi alitaka Jumamosi.

"Jumamosi nina zamu, Mama Tsuma."

"Omba ruhusa."

"Ni siku mbili tu za kungoja."

"Nina nguvu za Jumamosi, Baba Tsuma. Za Jumatatu sizijui."

Mwambire akakubali.

Siku ilipofika walipanda basi la asubuhi, Kavumbi akiwa mapajani mwa babake. Kabibi alikaa dirishani, jasho jembamba likimtoka, akitazama mashamba yakipita wala asiyaone. Walipokaribia Matsangoni alimwambia utingo kwamba watashuka.

Mwambire alimkumbusha kwamba wakishuka wataikosa gari ya Magarini.

"Nimechoka," Kabibi alisema. "Mwezi uliopita nikitoka kliniki nilishikwa na kizunguzungu, nikashuka hapa. Kuna nyumba walinipa uji wakanilaza kivulini mpaka jua likapungua. Hata jina langu hawakuniuliza."

Mwambire alitazama watu wengine wakishuka. Kisha akambeba Kavumbi, akakusanya mizigo.

Njia ilikatiza katikati ya mikorosho. Kabibi alitangulia, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Hakuhisi maumivu wala hofu. Aliiona miguu yake ikienda, akaifuata. Nyuma yake Tsuma aliuliza kama kwa nyanya ndiko huku.

Walitokea kwenye nyumba ya makuti yenye ua uliofagiliwa vizuri. Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa mkekani akichambua mchicha, na binti yake, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akitwanga. Kabla Kabibi hajapiga hodi, mbwa mkubwa alichomoka nyuma ya nyumba akibweka, akamwendea Tsuma moja kwa moja. Mtoto akapiga ukelele.

"Askari, rudi," Mwambire alisema.

Mbwa akanyamaza. Akamwacha mtoto, akaenda kujisugua miguuni pa Mwambire, mkia ukicheza.

Mchi ulisimama kinuni. Mwambire akainamisha uso, mzigo ukimteleza begani, asiuzuie.

Kabibi hakugeuka kumtazama; shati lake la kiwandani alikuwa ameliona hapa mwezi uliopita, limeanikwa uani. Aliingia uani, akamshika Tsuma mkono, akamsogeza mbele.

"Shikamoo, mama," alimwambia yule mwanamke wa mkekani. "Mimi ni mke wa Mwambire. Nimekuja kumposea mume wangu binti yako. Hawa ndio watoto wake."