Jua Lenye Wasiwasi

Saa tatu asubuhi Dokta alimnyang'anya mama yake cherehani, akaifungia stoo.

"Nisamehe, mama. Inatikisa nyumba, na chombo changu cha kupimia Jua kimesimama kwenye sakafu hii hii."

Ilikuwa siku ya tatu tu tangu mama aje kumtembelea mwanawe kwenye kituo cha kuchunguza Jua. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu alinyang'anywa hata ufagio. Mpishi alikuwa amepewa likizo ya lazima. Mlinzi alizunguka kwa ncha za vidole, rungu kwapani, kama mwizi.

"Kwani Jua lina nini?" mama aliuliza.

"Linatetemeka, mama. Polepole, siku zote. Ukiusoma mtetemo wake, unajua kilichomo tumboni mwake."

"Kama kugonga tikiti maji."

"Hasa! Sasa tikiti letu limetoa mdundo mpya, wa harakaharaka. Haumo katika kitabu chochote! Wakubwa wanakuja saa sita kuuona. Wasipouona wanafunga kituo, na mimi narudi kufundisha hesabu darasa la nne."

Mama alimwonea huruma. Darasa la nne walishamliza mara mbili.

"Na chai yako mbona imemwagikia kwenye kisahani?"

"Ndilo Jua hilo, mama!"

Mama hakubisha, yeye si msomi. Aliokota viatu vya mwanawe mlangoni, akavigeuza. Cha kushoto kilikuwa kipya. Cha kulia soli yake ilikuwa imeisha kabisa.

"Viatu vya siku hizi," Dokta alisema.

Saa sita wakubwa watatu waliingia, soksi tupu. Dokta alikuwa ameketi mbele ya skrini, mama pembeni yake. Mstari ulikuwa ukicheza kama umepagawa. Kadiri mkubwa wao alivyosogea kuutazama, ndivyo Dokta alivyozidi kutokwa na jasho, na Jua nalo likazidi kutetemeka.

"Maajabu!" mkubwa alisema, akitoa kalamu mfukoni. "Kituo hiki hakifungwi ng'o. Nisaini wapi?"

Mama aliona haya. Aliinama, akaweka kiganja juu ya goti la kulia la mwanawe, akalikandamiza kama alivyokuwa akifanya tangu mwanawe akiwa mtoto.

"Acha kutikisa mguu, baba. Wageni wanaangalia."

Jua likatulia.