Breki ya Nyuma

Siku ya tatu tangu Salha atoke hospitali, mumewe Kitwana aliitoa pikipiki uani. Akakaza mnyororo, akaupaka oili, kisha akakaza nati ya breki ya nyuma, ile aliyosihiwa na Salha airekebishe wiki nzima kabla hawajaanguka.

Akalizungusha gurudumu. “Kanyaga breki, mke wangu,” akasema kwa mazoea. Kisha akauona mguu wa kulia wa Salha ndani ya plasta.

“Kumbe ni kazi ya dakika kumi tu, Kitwana?” Salha akauliza.

Salha akajikokota hadi karibu, akanyoosha gongo lake, akakandamiza pedali. Gurudumu likasimama papo hapo. Kitwana akabaki amechuchumaa, spana mkononi, asithubutu kuinua uso.