Aliyesoma Goti la Saba

"Huu ni uchafu," alisema Jicho, akaitupa ripoti ya nne mezani.

Walimwita Jicho kwa sababu kwa miaka kumi na tisa ndiye daktari aliyesoma picha zote za magoti pale hospitalini, na kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kuitwa hivyo. Sasa ilikuwa inakuja programu ya kompyuta iliyosifiwa kwamba inaitazama picha ya goti na kutaja jeraha la gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Asubuhi hii mkurugenzi angeamua: ama magoti yabaki kwa Jicho, ama yaende kwa programu, na yeye ahamie kwenye picha za vifua, chini ya daktari ambaye yeye Jicho ndiye aliyemfundisha. Kwa Jicho hilo la pili lilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni.

Mkurugenzi alikuwa amemwekea ripoti kumi zisizo na majina, kila moja na picha yake. "Tupe maoni yako, daktari," alimwambia. "Usimwonee mtu haya."

Jicho hakuhitaji kubembelezwa. Siku zote alisoma goti huku anakunywa chai, akinong'ona matokeo kwenye simu ili mchapaji ayaandike, kisha akitia sahihi bila kuyatazama. Kusoma maandishi aliona ni kazi ya makarani. Leo alivaa miwani, akakaa kwenye kila picha dakika kumi nzima.

"Kikompyuta hiki kipofu," alisema alipofika ya tano. "Gegedu limekwanguka mpaka mfupa unachungulia, chenyewe kinasema 'hali ya kawaida'. Kawaida ya nani? Ya meza?"

Mkurugenzi alimsogezea ya sita. Mchapaji, mama wa makamo aliyekaa pembeni na faili, alinyanyuka kuichukua ripoti, akarudi taratibu huku akishika ukingo wa meza.

"Mama, changamka basi, tusikeshe hapa," alisema Jicho.

"Samahani, daktari."

Ya sita aliicheka kwa sauti. Alikuwa na raha, tena raha isiyojificha, ya mtu aliyemkuta jirani asiyempenda kateleza kwenye tope. Kila kosa alilolikuta lilimwongezea kimo, na kwa kweli alikuwa anaona vizuri. Dharau ilikuwa imemfungua macho kuliko mshahara ulivyowahi kumfungua.

Ya saba ilimtuliza kidogo. Aliikuza picha, akaizungusha, akaifuata kwa ncha ya kalamu.

"Huyu anatembea mfupa juu ya mfupa," alisema. "Kipande cha gegedu kimebanduka, hiki hapa, kinaelea. Hata fundi wa baiskeli angekiona. Na ripoti inasemaje? 'Uchovu tu. Apunguze uzito.' Apunguze uzito! Mtu anasaga mifupa yake kila anapopanda ngazi, anaambiwa ni mnene!"

Mchapaji aliinamia faili lake.

"Sasa aliyeandika hiyo, wewe ungemfanyaje?" aliuliza mkurugenzi.

"Ningemfukuza. Hata kupima joto la mgonjwa asipewe."

"Naomba uniandikie hayo."

Jicho aliandika kwa herufi kubwa, asije mtu akasingizia kuwa hakuyaelewa: ALIYESOMA PICHA HIZI NI HATARI, ASIGUSE TENA GOTI LA MGONJWA YEYOTE. Akatia sahihi, akatia tarehe, akagonga muhuri wake mpaka meza ikatikisika. Kisha akaegemea kiti na kusubiri pongezi.

Mkurugenzi aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hiyo programu yenyewe wanaileta lini?" alimuuliza mchapaji.

"Jumatatu ijayo," alijibu yule mama, akizipanga ripoti kumi ndani ya faili. "Hizi ni za daktari mwenyewe, za mwaka jana, zote nilizichapa mimi. Hiyo ya saba ni goti langu."