Kuponi ya Ujane

Siku hizo hakuna dawa iliyouzwa kwa fedha peke yake. Ilibidi mnunuzi aunganishe kuponi tatu za aina tofauti. Mwanahawa alikuwa na ya uzee na ya mgonjwa wa nyumbani. Ya tatu hakuwa nayo, na insulini ya mumewe, Hemedi, ilibaki ya siku mbili.

"Niandikishe nimekufa," Hemedi akamwambia. "Utapewa ya ujane."

"Usijitabirie, Baba Saumu."

"Ni maandishi tu, mke wangu. Mimi si nipo hapa?"

Asubuhi Mwanahawa akaenda, akaweka dole gumba kwenye mashine ya kuandikishia vifo, na machozi yakamtoka kweli. Kuponi ikatoka. Akakimbilia dirisha la dawa na zote tatu.

Binti wa dukani akazisoma, akamrudishia moja. "Pole sana, mama. Hii ya mgonjwa imefutwa. Mgonjwa wako ameshafariki."

"Na nikikifuta kifo chenyewe?"

"Huchukua miezi mitatu."

Alipofika nyumbani, majirani walikuwa wamekwisha kupata taarifa ya msiba na kutandika mikeka uani. Hemedi alikuwa ameketi katikati yao, hakuna anayemsemesha, akiitazama mikono ya mkewe.