Nyigu wa Dirishani

Eda ya Sauda ilikuwa imekwisha, lakini bado alikaa mkekani na nguo zake nyeupe, dirisha limefungwa. Mama mkwe wake, Bi Mwanapili, aliingia na doti mpya ya kanga nyekundu, akamwekea mapajani.

"Vaa, mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa marehemu mumeo, na mimi ndiye ninayekwambia."

Sauda hakuigusa. Alikuwa akimtazama nyigu aliyejenga kiota cha udongo upande wa ndani wa ubao wa dirisha. Asubuhi, alipokuwa akifagia, ufagio ulikigonga kiota kikatoboka ubavuni, na mabuu yakaanguka sakafuni. Sasa nyigu alikuwa akipita kwenye upenyo wa dirisha na donge la udongo mdomoni, akiziba mlango wa nyumba isiyo na kitu.

"Haoni kwamba watoto hawamo, mama?"

"Hata akiona. Ameumbwa kuziba, basi ataziba." Bi Mwanapili alijishusha polepole mkekani, magoti yakimlia. "Nimechoka, Sauda. Kila nikiingia humu nakuta giza."

Nyigu akatoka kufuata udongo mwingine.

Sauda akainuka, kanga mkononi, akausukuma ubao wa dirisha mpaka ukagota ukuta wa nje. Mwanga ukamfumbisha macho. Alipoyafumbua, nyigu alikuwa amerudi na udongo wake mdomoni, anazunguka hewani, palepale ubao ulipokuwa.