Klorini Iliyopungua

Tangu mumewe afariki, hakuna aliyeogelea kwenye bwawa la Bi Theodora. Hata hivyo, kila Jumamosi alifunua pembe moja ya turubai, akachota maji kwa kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia na kukiinua kwenye mwanga. Klorini ikiwa ya kutosha, maji hugeuka manjano iliyokolea. Kwa kuwa bwawa halikuwa na mwogeleaji, rangi ilikuwa ileile kila wiki.

Leo ilikuwa imepauka. Alipima tena, ikapauka vilevile. Akamwita mlinzi.

"Ngonyani, klorini imekwenda wapi?"

"Labda jua, mama."

"Jua linapenya turubai?"

Ngonyani akavua kofia. "Ni wanangu, mama, na wenzao wa mtaani. Jana ulipokwenda msibani. Joto lilizidi. Naomba usinifukuze."

"Walikuwa wengi?"

"Kama saba, na yule mwanangu mdogo."

"Huyo naye anajua kuogelea?"

"Kuogelea wapi, mama! Anapiga kelele tu."

Bi Theodora alikisuuza kichupa.

"Kelele zote hizo humu ndani, na mimi sikuwepo," alisema. "Leo naweka dawa, wasiyaguse maji. Kesho waje mchana, nikiwepo."

Kesho yake aliliondoa turubai lote, akaacha geti wazi kidogo, akakaa ukingoni.

Nje kulikuwa na minong'ono.

"Tangulia wewe."

"Aa, wewe kwanza!"

Mguu mdogo wenye ndala ukaingia getini, ukasita, ukarudi nje.