Namba P0325

Kofi la kwanza lilimlaza Kaviha juu ya usukani, lakini hakuzima injini.

"Mke wangu yuko wapi?" Clifford alifoka, mkono ameupitisha dirishani, amemkaba fundi kola. Gari lilikuwa la Clifford mwenyewe, lile jeupe ambalo mkewe Mercyline alilileta gereji juzi, taa ya injini ilipowaka.

"Ndugu yangu, nimeshakwambia. Alikuja saa moja asubuhi kulichukua. Halikuwa tayari, akapanda bodaboda kwenda Frere Town kwa dadake."

"Dadake hajamwona. Kazini hajafika. Simu imezimwa."

"Basi pengine hataki kuonekana na wewe," Kaviha alisema kwa upole.

Majirani wa gereji wakaguna. Mtaa mzima wa Ziwa la Ng'ombe ulijua Clifford alivyomchapa mkewe hadharani mwaka jana, na mwanaume wa aina hiyo nani amhurumie? Kaviha alikuwa kipenzi cha mtaa, mpole, mwimba kwaya, hapiti mlangoni kwako bila kukujulia hali. Asubuhi ile alikuwa na mikwaruzo mitatu mibichi shavuni. Waya wa redieta, alisema, na Roseline wa mahamri akamletea maji ya chumvi aoshe.

Kitu kikagonga. Clifford akageuza shingo.

"Nini hicho?"

Kaviha akakanyaga mafuta, injini ikanguruma. Akainua mashine yake ya kusomea hitilafu, waya ukiwa bado umechomekwa chini ya usukani.

"Soma mwenyewe. P0325. Injini inagonga. Naifuta hii namba, inarudi. Sasa lazima nilipeleke gari mpaka Bamburi nione kama itarudi tena. Nipishe."

Uongo haukuwepo hapo. Kila fundi akishafuta namba huliendesha gari kwanza kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

"Gari langu haliendi popote!" Clifford akasimama mbele ya boneti. Kaviha akalisogeza polepole hadi bampa ikamgusa magoti. Clifford akaokota spana ya magurudumu, akaishusha kwa nguvu zote, na kioo cha mbele kikamwagika mapajani mwa fundi.

Wakamvamia. Nguma, mchomeleaji wa banda la pili, alimpiga kwa kipande cha bomba, na mfupa wa mkono ukasikika ukivunjika. Clifford akaanguka. Wengine wakamkanyaga mbavu, wakamkanyaga uso, meno mawili yakabaki kwenye mchanga wenye oili.

"Umezoea kupiga wanawake!" Roseline alipiga kelele, akamwagia birika zima la chai ya moto mgongoni.

"Nilimpiga, ndiyo!" Clifford alilia, damu ikimtoka mdomoni. "Nilikosa! Niambieni tu kama yuko hai!"

Wakazidi kumkanyaga. Ni aibu kusema, lakini walikuwa wanafurahia.

Kule kugonga kukazidi, sasa kwa haraka, bila mpangilio. Kaviha alizidi kukanyaga mafuta. Jasho lilimchuruzika likaingia kwenye mikwaruzo, naye hata hakulipangusa.

"Mwondoeni njiani," alisema. "Jamani, nawaomba, nipite."

Wakamburuta Clifford kwa miguu hadi kando ya ukuta. Njia ikawa nyeupe. Kaviha akashika gia.

"Ngoja, Kaviha," Nguma akamwambia, akitweta. Alimpenda fundi huyu, hakutaka aharibikiwe na kazi ya watu. "Injini inayogonga namna hiyo haiendeshwi, utaiua. Zima kwanza ipoe."

"Nguma, acha!"

Nguma alikuwa ameshaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo.

Injini ikanyamaza. Ndani ya buti la gari, kugonga kukaendelea.